Droo ya Mablanketi

Wiki ya tatu mfululizo hesabu ilikataa. Mama Pacha alikuwa mezani tangu vikombe vya chai vilipoondolewa, daftari mbele yake, kikokotoo pembeni, kalamu kaing'ata kwa magego. Alijumlisha, akagawanya, akafuta, akaanza upya kutoka chini kwenda juu, maana kuna namba nyingine kaidi, ukizishika kichwa hazikubali mpaka uzishike mkia. Wapi! Jibu likaja lilelile, likakaa kwenye karatasi linamtazama.

"Baba Pacha," akaita, "hebu njoo unisomee hizi namba kwa sauti. Macho yangu siyaamini tena."

Mumewe alitoka kwenye karakana yake, banda la mabati lililojibana ubavuni mwa nyumba, huku akipangusa vumbi la mbao kwenye suruali. Mtaa mzima ulimwita Milimita, kwa sababu hakukata kitu kabla ya kukipima mara tatu, na mlango alioutia yeye ukifungwa, hata karatasi haipiti. Akainamia daftari.

"Elfu tano na mia mbili," akasoma.

"Lita?"

"Lita. Kwa siku."

"Na wageni ni kumi na sita."

"Kumi na sita," alisema Milimita, na hapo hapo akajifanya ameingiwa na kitu jichoni.

"Sasa hao kumi na sita wanayaoga maji au wanayauza?"

"Labda wanaoga mara nne," alichangia mama mzazi wa Mama Pacha, mama mkwe wa Milimita, kutoka kwenye kochi, alikokuwa akitengeneza pindo la shuka. "Watu wenye pesa hujiona wachafu muda wote. Sisi tunaooga mara moja ndio tunajiona tumetakata."

Mama Pacha hakucheka. Milimita alicheka kwa niaba yake, kicheko kirefu kuliko utani wenyewe, kisha akarudi karakana haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Hapa tuelewane kabla hatujaenda mbali. Juu ya mji ule kuna pori, na ndani ya pori kuna chemchemi moja, moja tu. Maji yake mengine hushuka kwa bomba mpaka mjini, na mengine humwagika kwenye bwawa wanakokunywa tembo, nyati na kila chenye kwato. Kampuni ya utalii ilipokuja kuomba kuweka kambi ya mahema kando ya bwawa, watu walibishana miezi minane. Wengine walitaka kazi, wengine walitaka pori libaki pori, na walio wengi, kama walivyo binadamu, walitaka vyote viwili. Aliyewapatanisha ni Mama Pacha. Alisimama na daftari lake akasema: jamani, tusibishane kwa maneno, tubishane kwa vitanda. Mgeni mmoja tumpe lita mia na hamsini kwa siku. Wafanyakazi wote kwa jumla, mia nne. Kambi ikichota elfu mbili na mia nane, bwawa halikauki, ikizidisha, linakauka. Basi vitanda kumi na sita, na cha kumi na saba hapana. Wakampigia makofi, mkataba ukaandikwa, na yeye akafanywa katibu wa kamati ya maji na pori. Kila Jumamosi hupanda kambini kusoma mita.

Na vitanda kumi na sita vyenyewe alivitengeneza nani? Mumewe. Watu walitania sana: mume apige msumari, mke ahesabu, nyumba imekamilika.

Sasa bwawa limebaki tope. Jumamosi iliyopita, alfajiri, tembo wanne waliteremka mjini wakifuata harufu ya maji. Waling'oa bomba la kituo cha maji, wakabomoa tangi la shule, wakanywa walichokikuta, wakaondoka zao bila haraka. Hakuna aliyeumia. Lakini kina mama sasa wanafuata maji mbali, na kila wakipita na ndoo mbele ya nyumba ya katibu, huongea kwa sauti ya kusikika ndani.

*

Milimita alijua. Tusimpambe, alijua.

Siku Meneja wa kambi alipoagiza vitanda, alitaka kila kimoja kiwe na droo chini yake. "Ya mablanketi," alisema. Lakini droo yenyewe iwe na urefu wa mita moja na sentimita themanini na tano, iwe na vibao vya kubebea godoro, iwe na miguu minne ya kukunja, na ihimili kilo mia. Milimita alicheka moyoni: mablanketi ya kilo mia, labda yamefumwa kwa nondo. Ila hakuuliza. Fundi wa majeneza haulizi marehemu kafa na nini. Halafu, tuseme kweli, ile droo ilimpendeza. Aliihangaikia wiki mbili. Ukiivuta ilitoka bila kelele, miguu ikajifungua yenyewe, tap, tap, na ukiirudisha ilipotea chini ya kitanda usijue kama kulikuwa na kitu. Kwa maisha yake yote hajawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile.

Mkewe alipomletea chai karakana siku zile, aliigusa akauliza, "Hii ndefu hivi ya nini?" Naye akajibu, "Ya mablanketi." Basi. Uongo mdogo wa ukubwa wa ukucha, uliosemwa kwa mdomo uliojaa misumari. Alijiambia kwamba yeye si kamati. Vitanda vilipandishwa kambini, malipo yakatoka, karo ya pacha ikaenda shule ya bweni, na paa la karakana likabadilishwa mabati matatu. Droo zilikaa tupu mpaka msimu huu wageni walipofurika. Sasa kila Jumamosi mkewe anarudi na namba, anakaa mezani, na Milimita anasikia kutoka karakana kikokotoo kikibonyezwa.

Jumatatu alasiri shemeji yake alikuja. Huyu ni mdogo wake Mama Pacha, mtunza stoo wa kambi, kijana mtanashati ambaye siku hizi shati lilikuwa limeanza kumzidi. Hakupitia mlango wa nyumba. Alizunguka moja kwa moja hadi karakana.

"Shemeji, nimetumwa. Alhamisi kamati inapanda na afisa wa wanyamapori. Wanakuja kuhesabu vitanda."

"Wahesabu. Kuhesabu si dhambi."

"Meneja anasema uje asubuhi mapema, utie kufuli ndogo kwenye droo zote. Wageni watapelekwa matembezini kutwa. Na anakumbusha kwamba lile jengo jipya la mapokezi lina milango na madirisha ishirini na nne. Hajampa mtu bado."

Milimita akaiweka randa chini. "Kwani wewe unajua zinavyotumika hizo droo?"

"Shemeji! Mimi ndiye natoa mashuka. Jozi thelathini na mbili. Unataka nijue mara ngapi?"

"Na dada yako je?"

Kijana akatazama mlangoni. "Dada ndiye aliyenisomesha, usinitajie dada. Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Ni siku moja tu, shemeji. Wakikuta kumi na sita, wakaondoka, mambo yamekwisha."

"Na mita?"

"Watasema mbovu."

"Na aliyeisoma?"

Shemeji mtu akaokota kipande cha ubao sakafuni, akakigeuza, akakirudisha palepale alipokitoa. "Mimi nimeleta ujumbe tu," alisema, na akaondoka kwa njia ileile ya nyuma. Milimita aliishika tena randa, mbao mbele yake, mkono hauendi. Alisikia mama mkwe akipaza sauti ndani: "Huyo si mwanangu nimesikia? Mbona haingii kunisalimia, ana deni na mimi?"

*

Jumatano kamati ilikaa kwenye ofisi yake, chumba kimoja chenye meza moja na viti vya plastiki. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye duka la saruji, mtu mpole, mwenye kuongea kama anayekubembeleza unywe dawa. Saruji ya jengo jipya la kambi ilitoka dukani kwake, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja.

"Katibu," alisema, "zile tarakimu nyekundu za mwisho kwenye mita hazihesabiwi. Isije ikawa umezijumlisha."

"Nimesoma mita ile miaka miwili, Mwenyekiti. Nyekundu nazijua."

"Binadamu huchoka, mama yangu."

Mjumbe mmoja akakohoa ili asicheke. Mwingine akasema labda ni miwani. Mwenyekiti akainua kiganja kuwatuliza, na huo utulizaji wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Tusigombane. Kesho tunapanda. Tukikuta vitanda vimezidi, kambi itajibu. Tukikuta kumi na sita, basi kosa ni la daftari, na daftari tutamkabidhi mwingine. Si kwa ubaya. Hao kina mama wanaobeba ndoo wanataka jibu, na jibu hatuna."

"Sawa," alisema Mama Pacha. Akaandika hayo maneno kwenye muhtasari, yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, kwa sababu ndiyo kazi ya katibu.

Alipofika nyumbani hakuvua hata kandambili. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mkoba mapajani, akamsimulia mumewe yote kwa sauti ya chini.

"Baba alianza hivi hivi," alisema.

Mama mkwe, aliyekuwa akiosha vyombo, akaiacha sahani kwenye beseni. Marehemu mumewe alikuwa mweka hazina wa chama cha ushirika, mtu wa namba. Alipofika miaka hamsini na tano namba zikaanza kumtoroka. Baada ya namba, majina. Mwishowe alikuwa anamwita binti yake kwa jina la mkewe, na mkewe anamwita dada. Bibi yule hakuwa na utani wowote wa kutoa siku hiyo. Alifuta mikono kwenye kanga, akaenda chumbani kwake, akarudisha mlango taratibu.

"Niambie ukweli," Mama Pacha alimgeukia mumewe. "Wewe ndiye unayeniona kila siku. Nimebadilika? Nasahau vitu? Narudia maneno?"

"Hapana, jamani."

"Maana nimezipiga zile hesabu mara ishirini. Naamka nazo, nalala nazo. Juzi sokoni nilirudishiwa chenji nikashindwa kuihesabu, nikamwomba muuzaji anihesabie. Niliona haya! Kama nimeanza, niambie mapema, pacha bado wadogo. Nijipange."

Njia ilikuwa wazi mbele yake, hata kipofu angeipita. Sentensi moja tu ilihitajika. Milimita alimtazama mke wake, alivyoushika mkoba kwa mikono miwili kama abiria asiyejua kituo chake, na moyo ulimuuma, tena uliuma kweli. Akaiwaza milango na madirisha ishirini na nne. Akamuwaza shemeji na mtoto anayekuja. Akawaza kwamba kesho si mbali, na kesho ikishapita yote yatapoa, mkewe atapumzika na daftari hilo lenye balaa, na mwisho wa siku ukatibu wenyewe hauna hata mshahara.

"Umechoka tu," alisema. "Pumzika, Mama Pacha. Kesho ikipita utakuwa sawa."

Akamshika bega. Mkewe akaegemeza shavu kwenye mkono ule, akamshukuru.

*

Kwenye geti la kambi askari alimwandika Milimita kwenye kitabu cha wageni, kisha akalikata jina akalihamishia kwenye kitabu cha mafundi, akamwelekeza njia ya nyuma, ile ya kupeleka takataka. Kwenye kila hema alitakiwa avue viatu kwa sababu mazulia yalikuwa mapya. Mahema yalikuwa manane, vitanda viwili kila moja. Alipiga magoti kwa soksi zake zenye tundu, akatoboa, akakaza, akafunga, akaenda la pili. Kwenye veranda ya kila hema viti vilikuwa vinne. Hata mtoto wa chekechea angehesabu akajua. Meneja alikuja akaviona, akapiga yowe, viti viwili viwili vikakimbizwa stoo.

Kutoka veranda ya hema la nane bwawa lilionekana vizuri. Yaani lile lililokuwa bwawa. Nyati mmoja alikuwa amesimama katikati ya tope kavu, kichwa chini, kama mzee aliyefika benki akakuta imefungwa. Milimita alimtazama kwa muda kisha akaingia ndani kumalizia kazi. Alikuwa na kufuli moja mkononi bado, ya kitanda cha kumi na sita, alipowasikia wanakuja. Walikuwa wamewahi.

Aliingia Meneja kwanza, kisha Mwenyekiti, kisha afisa wa wanyamapori, mwanamke mrefu mwenye buti zenye vumbi ambaye hakuvua na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mama Pacha aliingia mwisho. Alipomwona mumewe akatabasamu kwa mshangao.

"Kumbe na wewe uko huku? Mbona hukuniambia?"

"Fundi anarekebisha vitasa tu," Meneja alidakia. "Karibuni. Hili ndilo hema la mwisho. Hesabu, Katibu."

Mama Pacha aliweka kiganja juu ya kitanda cha kwanza, kama alivyoweka kwenye vyote vya nyuma. "Kumi na tano." Akavuka, akagusa cha pili. "Kumi na sita." Sauti ilimtoka nyembamba. Alibaki pale ameshika ubao wa kichwani, ubao uliopigwa msasa na mumewe mpaka ukawa laini kama shavu, naye macho yake yalikuwa yanatafuta mahali pa kukaa.

"Vimetimia," Mwenyekiti alisema kwa upole wake. "Pole, mama yangu. Hakuna ubaya."

Afisa hakuwa ameongea tangu geti. Alielekeza kidole chini. "Na hiki hapa chini ni nini?"

"Hiyo ni..." Meneja alianza.

"Ni droo, afisa," Mama Pacha alimtangulia. Alijikaza, akanyoosha mgongo. Ikiwa leo ndiyo siku yake ya mwisho ya ukatibu, alitaka aimalize kwa haki. "Droo ya mablanketi. Hilo msiwashuku bure. Aliyetengeneza ni mume wangu huyu mbele yenu, na nilimuuliza mwenyewe kwa mdomo wangu. Huyu wanamwita Milimita. Hajanidanganya hata kwa milimita moja tangu anioe." Akafungua daftari, akabonyeza kalamu. "Naandika kwamba vitanda ni kumi na sita, na kwamba mita ilisomwa vibaya na katibu. Mwenyekiti utaweka saini hapa."

Kalamu ikagusa karatasi.

Jamani, mtu anaweza kuvumilia mengi. Anaweza kuvumilia kuitwa mwongo, hasa akiwa mwongo kweli. Ila kutetewa vile, mbele ya watu, na yule yule unayemzika! Milimita alihisi masikio yamewaka.

"Usiandike," alisema.

"Nini?"

"Usiandike, Mama Pacha. Subiri."

Akapiga goti. Kile cha kumi na sita kilikuwa hakijafungwa kufuli. Akaingiza vidole kwenye mshikio, akavuta. Droo ikatoka bila sauti, vizuri kama alivyoijenga, miguu ikajifungua, tap, tap. Juu yake palikuwa na godoro, shuka jeupe lililokunjika, mto wenye shimo la kichwa cha mtu, na soksi moja ya kijani.

"Si droo," Milimita alisema, bado amepiga goti. "Ni kitanda. Viko kumi na sita vya chini, kimoja chini ya kila kitanda. Nilivitengeneza mimi, na nilijua."

"Mimi niliagiza droo," Meneja alisema bila kupepesa macho. "Fundi akazidisha ubunifu."

Mama Pacha alikuwa ameshatoa kikokotoo mkobani. Hakumtazama mumewe wala ile soksi. Alibonyeza, na ndani ya hema lile kila mtu alisikia vitufe.

"Thelathini na mbili mara mia na hamsini," alisema. "Elfu nne na mia nane. Na mia nne ya wafanyakazi."

"Elfu tano na mia mbili," afisa alimalizia.

"Elfu tano na mia mbili." Aliirudia taratibu, kama mtu anayeita jina la ndugu aliyedhani amekufa. Machozi yalimlenga, akayarudisha. Kisha akamgeukia Mwenyekiti. "Nyekundu sikuzihesabu," alisema.

*

Mambo yakaenda haraka. Wageni waliteremshwa siku ileile kwa magari. Kambi iliamriwa isipokee mtu mpaka vile vitanda vya chini viondolewe, na ilipe bomba na tangi. Meneja akatangaza kwamba wafanyakazi kumi, akiwemo mtunza stoo, wakae nyumbani bila mshahara mpaka hapo itakapojulikana. Kazi ya milango na madirisha ikaenda kwa fundi wa mbali. Milimita aliagizwa apande kung'oa alichokijenga, kwa vifaa vyake na kwa nguvu zake, na akapanda. Siku ya kwanza aling'oa sita. Kila alipogonga, alijua ni kiungo gani kitaachia kwanza.

Mjini hakuwa na upande. Wale waliopoteza kazi hawakuitikia salamu yake. Wenye ndoo nao waliitikia, lakini kwa namna ambayo ingekuwa afadhali wangenyamaza. Mama mkwe alikaa siku mbili bila kumsemesha, jambo ambalo kwake lilikuwa adhabu ya pande zote mbili. Siku ya tatu hakuweza tena.

"Mwanangu hana kazi na mkewe ana mimba ya miezi minane," alimwambia, akimsukumia sahani. "Binti yangu naye ana akili zake timamu. Mtu akiniuliza nichague kipi, ningempiga kofi. Kula."

Mama Pacha hakugomba. Hilo ndilo lililomtisha Milimita. Alimpakulia, alimuuliza kama chumvi inatosha, alimwekea maji ya kuoga. Alimwita "fundi". Usiku ule wa kwanza na wa pili alilala amegeukia ukuta, na asubuhi alikuwa ameshaamka, amekaa mezani, daftari limefungwa mbele yake, analipapasa jalada.

Jumamosi mchana Milimita alishindwa. Aliingia jikoni na nguo za kazi.

"Nigombeze basi," alisema. "Nitukane. Nimekosa."

"Umekosa nini?"

"Vitanda. Nimeuza pori, nimeuza maji ya watu, nimevunja mkataba wako..."

"Vitanda nimekusamehe," alisema mkewe. Alikuwa anachambua mchele, na vidole havikusimama. "Ulitaka kazi, kazi hakuna, nakuelewa. Hata ningekuwa mimi, sijui. Maji nayo yatarudi, mvua ikinyesha bwawa litajaa. Hayo ya kambi nimekusamehe tangu hemani."

"Sasa?"

Akaweka sinia chini. "Nilikuuliza kama nimeanza kama baba. Nilikuuliza nimekaa pale pale." Akaonyesha kiti. "Ulinitazama?"

"Nilikutazama."

"Uliniona ninavyoogopa?"

Milimita alitafuta pa kupita, hakuona. "Nilikuona."

"Basi." Akachukua sinia tena. "Kesho kuna mkutano wa mji. Utasimama."

"Nikaseme nini? Habari ya vitanda wanaijua wote mpaka watoto."

"Vitanda sijakuuliza," alisema Mama Pacha.

*

Ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alifungua mkutano kwa maneno mengi kuhusu umoja. Alipofika kwenye ajenda ya kambi, ukumbi ukachemka.

"Ametukatia riziki!" mpishi wa kambi alipayuka kutoka nyuma. "Kama alikuwa na dhamira, angekuwa nayo kabla hajalipwa!"

"Na sisi tungebeba ndoo mpaka lini?" mama mmoja alimgeukia. "Wewe kwenu tembo wanabisha hodi?"

"Bila wageni hilo pori litalindwa na nani? Na wewe na ndoo yako?"

"Na bwawa likikauka wageni watakuja kuangalia nini? Wewe na sufuria yako?"

Watu wakacheka, wakazomeana, wakacheka tena. Shemeji mtu alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono mfukoni, anatazama sakafu. Afisa wa wanyamapori aliomba utulivu, akasema kambi itafunguliwa tena kwa vitanda kumi na sita, na safari hii kila kitanda kitakaguliwa mpaka uvunguni. Mwenyekiti akafuta jasho.

"Fundi yupo? Asimame atueleze kuhusu zile droo."

Milimita alisimama. Alikuwa amevaa shati lake la harusi za watu. Mbele, kwenye meza ya kamati, mkewe alikuwa anaandika muhtasari, kichwa kimeinama, kama katibu yeyote.

"Droo mmeshazisikia," alisema. "Nimesimama kwa jambo jingine."

Wakanyoosha shingo, kwa udadisi tu.

"Wiki tatu mke wangu alikuwa anapiga hesabu iliyo sahihi. Mimi nilijua ni sahihi. Mlimcheka, nikajua mnavyomcheka. Mlitaka kumnyang'anya daftari, nikajua. Baba yake alipotewa na akili, nyote mnakumbuka. Mke wangu akaniuliza, mimi mumewe, kama na yeye ameanza kupotewa." Akamtazama mkewe pale mezani. "Nilimwona anavyoogopa. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia amechoka, apumzike."

Mpishi akaacha kusaga meno. Mama mwenye ndoo akashika mdomo.

Mama Pacha alikuwa ameacha kuandika. Alikaa hivyo kwa muda, kalamu juu ya karatasi, mpaka watu wakaanza kujiuliza kama atainuka aondoke. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaulainisha kwa kiganja.

"Hayo ya mwisho yarudie," alisema bila kuinua kichwa. "Polepole. Naandika."

Milimita akarudia, neno kwa neno, mbele ya watu wote, akisubiri kila mara kalamu imfikie.